Simba anayecheka Maputo na kuta tupu za Namoto

Na Mwandishi Maalumu, Namoto

WAFANYABIASHARA wengi wanaovuka Ruvuma hapa Namoto kwenda Kilambo, kisha Mtwara na hatimaye Dar es Salaam kufuata mzigo, wamekwishaingia ndani ya kazi ya msanifu majengo mkubwa bila kuambiwa. Soko Kuu la Kariakoo, lile lenye mapaa ya zege yanayofanana na miavuli iliyopinduliwa na upepo, lilibuniwa na Mtanzania Beda Amuli na kujengwa katika miaka ya 1970. Mapaa yale si urembo mtupu. Yalifinyangwa hivyo ili yakinge maji ya mvua. Soko hilo liliungua Julai 10, 2021, nasi watu wa mpakani tukasikitika kwa ajili ya mali ya wenzetu iliyoteketea. Ni wachache waliosikitikia paa.

Nimeanza na Kariakoo kwa makusudi. Ukimwambia mtu wa mpakani kwamba kuna watu wanaopanda ndege kutoka Ulaya na Marekani kuja Maputo kutazama majumba, si bahari wala kamba wa kuchoma, atakucheka. Kwetu nyumba ni ya kulala. Lakini watu hao wapo, na mimi nimekuwa mmoja wao kwa siku moja. Niliyoyaona huko yanatuhusu sisi tuliorudi na tunaojenga upya, pengine kuliko yanavyowahusu wao.

Mtalii katika nchi yake

Kilichonipeleka Maputo ni semina ya walimu. Kutoka Namoto hadi mji mkuu wetu ni zaidi ya kilomita 2,500 kwa barabara, ilhali Mtwara ni safari ya asubuhi moja, ukiweka na muda wa kusubiri chombo mtoni. Ndiyo maana mtu wa Namoto anaijua Mikindani, Lindi na Kariakoo kabla hajaiona Maputo. Mimi mwenyewe nilisoma ukimbizini. Katika miaka ya 1980, wakati wa vita vya ndani, mama alinivusha mto nikiwa mtoto wa kushikwa mkono, na ramani ya Msumbiji niliichora kwa mara ya kwanza kwenye daftari la shule ya msingi ya Tanzania, kwa penseli ya kuazima. Tulirudi baada ya mkataba wa amani uliotiwa saini Roma Oktoba 4, 1992. Kireno nimejifunza nikiwa mtu mzima, na mpaka leo nikihesabu pesa haraka nahesabu kwa Kiswahili.

Jumapili semina ilipopumzika, nilijiunga na kikundi cha watalii kinachozungushwa mjini kwa miguu. Walikuwapo Wareno wawili, vijana watatu wa Afrika Kusini wanaosomea usanifu majengo, na kijana wa Maputo aliyetuongoza. Kati ya waliolipa, Mmsumbiji nilikuwa peke yangu. Kijana akaniuliza kwa heshima, "Mwalimu, umetoka nchi gani?" Nikamwambia nimetoka Palma, Cabo Delgado. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi umetoka mbali kuliko hawa wote."

Pancho ni nani

Msanifu tuliyekwenda kutazama kazi zake anaitwa Amâncio d'Alpoim Miranda Guedes, lakini dunia inamjua kwa jina la Pancho Guedes. Alizaliwa Lisbon, Ureno, mwaka 1925. Baba yake alikuwa daktari katika makoloni, na familia ikahama naye mpaka ikafika Msumbiji. Kijana huyo alisomea usanifu Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1970 alifanya kazi Lourenço Marques, jina la Maputo wakati wa Wareno. Kazi alizozibuni zinakadiriwa kufikia 500: maghorofa, nyumba za watu, makanisa, shule, gereji, hata kiwanda cha kuoka mikate.

Katika zama zake wasanifu wengi wa dunia walikuwa wamekubaliana kwamba jengo la kisasa ni sanduku: zege, kioo, mistari iliyonyooka na rangi nyeupe. Pancho alilielewa somo hilo na akakataa nusu yake. Alilichukua zege lao akalitia meno, pembe na macho. Alidai kwamba msanifu naye apewe haki na uhuru ambao wachoraji na washairi wamekuwa nao siku nyingi. Alizitazama kwa makini kuta zinazochorwa na wanawake wa Kindebele wa Afrika Kusini na akaandika juu yake. Mtindo wake mmoja aliubatiza kwa jina lake mwenyewe: Stiloguedes.

Kwa hiyo ukitembea Maputo na mtu anayejua pa kutazama, utaonyeshwa kuta zilizopambwa kwa kokoto zilizopangwa zikawa picha, nguzo zilizonenepa kama miguu ya tembo, na mabomba ya moshi yanayofanana na watu waliosimama juu ya paa. Wenzangu walipiga picha mpaka simu zikaishiwa chaji.

Mbele ya Simba

Jengo linalowavuta wageni kuliko mengine linaitwa kwa Kireno O Leão que Ri, yaani Simba Anayecheka. Lilijengwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1950. Si refu. Ni ghorofa la kawaida kwa kimo, la kupangisha familia kadhaa, lililoinuliwa juu ya nguzo ili magari yapite chini. Lakini hakuna mahali ambapo jicho linapumzika. Nguzo zimepinda, vibaraza vimejipanga kama meno ya mnyama aliyefunua kinywa, na kuta za ubavuni zina michoro ambayo ukiitazama mara moja unaona mnyama, mara ya pili unaona uso wa mtu.

Vijana wa usanifu walizungumza juu ya mizani na kivuli. Mimi, nasema kweli, niliona kinyago. Mtu aliyekulia kwetu, ambako Wamakonde huchonga umbo moja likatoka katika tumbo la jingine, hashangai kuona nyumba yenye meno. Anashangaa tu kwamba nyumba hiyo ipo kusini, maelfu ya kilomita kutoka uwanda wa Mueda, tena imejengwa na Mreno.

Rangi zimechoka. Plasta imebanduka hapa na pale, madishi ya televisheni yametundikwa, nguo zimeanikwa vibarazani. Mmoja wa Wareno alisikitika, akasema jengo kama hili lilipaswa kuwa makumbusho. Mama mmoja alikuwa akikung'uta shuka juu yetu. Akatutazama kama mtu anavyowatazama kuku wa jirani waliovuka ua, akaendelea na shughuli yake. Nikajiuliza: makumbusho yakifunguliwa, shuka lile litaanikwa wapi?

Gereji ya mchoraji

Pancho alikuwa na nyumba yake aliyoishi na familia, na sifa kubwa ya nyumba ile inatokana na gereji. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikutana na kijana wa Matalana, kijiji cha kaskazini ya mji, aliyeanza kwa kuwaokotea wazungu mipira katika uwanja wa tenisi wa klabu. Kijana huyo alikuwa Malangatana Valente Ngwenya. Mwanachama mwingine wa klabu, Augusto Cabral, ndiye aliyempa vifaa vya kwanza vya kuchorea. Pancho alipoziona picha zake alimpa nafasi ya kufanyia kazi katika gereji ya nyumba yake, na akawa akinunua picha zake kila mwezi ili aweze kuishi kwa kuchora.

Matokeo yake tunayajua. Malangatana aliyezaliwa mwaka 1936 akawa mchoraji mkubwa kuliko wote waliopata kutoka Msumbiji. Mwaka 1964 polisi wa siri wa Ureno, PIDE, walimkamata kwa tuhuma za kushirikiana na Frelimo na akakaa gerezani miezi kama 18. Baada ya uhuru alichora ukuta mkubwa katika bustani ya Makumbusho ya Historia ya Asili, Maputo. Mwaka 1997 UNESCO ilimfanya Msanii wa Amani. Alifariki Januari 2011. Nilikwenda kuutazama ukuta ule jioni hiyohiyo. Nyuso zimebanana, macho yametoka, rangi nyekundu na buluu zinapigania nafasi. Mtu aliyepata kukimbia usiku katika msafara hahitaji kuelezwa picha ile.

Mji wa saruji na mji wa matete

Hapo ndipo kijana kiongozi wetu alipotuambia jambo ambalo vitabu vya picha havilisemi kwa sauti. Wakati Simba anajengwa, Lourenço Marques ilikuwa miji miwili. Mmoja uliitwa mji wa saruji, wa wazungu. Mwingine uliitwa caniço, yaani matete, kwa sababu kuta zake zilikuwa za matete na mabati. Waashi na vibarua walioupanga ubao wa zege la Simba walirudi jioni kulala kwenye matete. Watumishi wa ndani walilala katika vyumba vidogo vya uani au juu ya paa. Mpaka mwaka 1961 sheria ya kikoloni ilimweka Mwafrika katika daraja la "mwenyeji", mtu asiye na haki za raia.

Kwenye matete wakubwa hawakutaka watu wajenge kwa matofali. Nyumba ya kudumu ni dai la kudumu juu ya ardhi, na ardhi ile ilikuwa ikisubiriwa na mji wa saruji. Watu walifanyaje? Walijenga kwa siri. Mtu alisimamisha ua wa matete au mabati, kisha ndani yake, usiku na Jumapili, akapandisha ukuta wa matofali. Ukuta ulipokamilika na paa kuwekwa, matete yaliondolewa, na nyumba ikatokea kama yai lililomenywa.

Sifa moja ya Pancho ni kwamba hakujifanya haoni. Mwaka 1963 aliandika gazetini kwamba mji ule ni mji mgonjwa, akautaja ugonjwa wenyewe kuwa ni hayo matete yaliyoachwa bila maji wala barabara. Huko huko kwenye matete alibuni pia shule ya chekechea iliyojengwa bila kibali. Lakini tuseme yote: alikuwa Mreno katika koloni la Wareno, na alipata kazi 500 kwa sababu mji wa saruji ulikuwa na pesa, na pesa ile ilijulikana ilikotoka.

Sisi wa kaskazini tuna kalenda yetu ya miaka ileile. Simba alikuwa amekwishakamilika, na rangi yake bado mpya, Juni 16, 1960, siku askari wa Kireno walipowafyatulia risasi watu waliokusanyika Mueda. Baada ya hapo wengi walivuka Ruvuma. Miaka miwili baadaye, Juni 25, 1962, Frelimo ikaundwa Dar es Salaam. Wakimbizi wa kwanza wa familia zetu ni wa mkumbo huo.

Mzee wa Mueda na kinu chake

Wenzangu walipokwenda kunywa kahawa, mimi nilibaki barabarani. Mzee mmoja aliyekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mti alinisikia nikiongea na simu kwa Kiswahili. Akaniita.

"Wewe ni wa wapi, mwanangu?"

"Shikamoo mzee. Mimi wa Namoto."

"Marahaba. Namoto ya mtoni? Mimi wa Mueda. Kiswahili hiki nimekipata Nachingwea, kambini."

Alikuwa askari wa ukombozi. Aliingia mji huu na jeshi mwaka 1975, mwaka wa uhuru. Februari 3, 1976 Rais Samora Machel alitangaza kutaifishwa kwa nyumba za kupangisha, na watu wa matete wakaanza kuhamia kwenye saruji. Mzee alipewa fleti ghorofa ya tatu, katika jengo ambalo wenyewe walikuwa wameondoka.

"Tuliingia na kinu," akaniambia huku akicheka. "Mke wangu alikibeba kichwani ngazi zote zile. Asubuhi akaanza kutwanga. Jengo zima likatikisika! Jirani wa chini akapanda na nguo ya kulala. Ikabidi kinu kikae uani, na wanawake wa ghorofa zote wakawa wanashuka kutwanga pamoja. Uani pale pakawa kijiji."

Nikamwuliza kama alijua nyumba zile zilibuniwa na nani. Akasema jina alikuja kulisikia miaka ya karibuni kwa vijana wanaopita na watalii. Miaka yote aliyajua majengo kwa kazi yake: hili linavuja, lile lina upepo, hili lina giza ngazini. Katika miaka ya 1990 serikali iliwauzia wapangaji nyumba hizo, naye akanunua yake. Sebule aliipaka buluu, akaongeza utepe mwekundu chini.

"Kwa nini nyekundu, mzee?"

"Mama yangu alikuwa akipaka ngeu chini ya ukuta. Nilitaka wajukuu wajue."

Halafu akaniuliza swali ambalo nimerudi nalo Namoto. "Na ninyi kule mnajenga? Au bado mnapiga kambi?"

Msanifu naye aliondoka

Pancho mwenyewe hakuzeeka katika mji aliouchora. Mwaka 1975 alikuwa Johannesburg, akiongoza idara ya usanifu ya chuo alichosomea, na aliiongoza hadi mwaka 1990. Alifariki Novemba 2015 katika mji wa Graaff-Reinet, Afrika Kusini, akiwa na umri wa miaka 90. Alikwenda na michoro na sehemu ya vinyago na picha alizokusanya, ambazo zilionyeshwa Lisbon mwaka 2010. Simba hakubebeka.

Simlinganishi na sisi. Mtu anayeondoka koloni likivunjika si sawa na mtu anayekimbia akiwa na ndoo na mtoto. Lakini liko jambo moja linalofanana: nyumba haiingii kwenye mzigo. Anayejenga anawajengea pia watu asiowajua. Pancho aliwajengea wazungu wapangaji, na waliokuja kuishi, kuzaa, kutwangia uani na kupaka ngeu ni watu wa Mueda, Gaza na Zambezia.

Kazi yake moja naipenda kuliko Simba, ingawa sijaifikia. Mwaka 1963, katika vilima vya Swaziland, nchi ambayo tangu 2018 inaitwa Eswatini, ilifunguliwa shule ya Waterford Kamhlaba. Iliwakusanya watoto wa rangi zote darasa moja wakati jirani yake, Afrika Kusini, alikuwa akiwatenganisha kwa sheria. Pancho ndiye aliyebuni majengo yake. Walisoma pale watoto wa Nelson Mandela, aliyekuwa gerezani, na watoto wa wengine ambao nchi yao iliwakataa. Mimi niliyesoma ukimbizini najua maana yake. Darasa letu lilikuwa la miti na udongo, lakini mwalimu wetu wa Kitanzania alitupa chokaa tuupake ukuta wa mbele, na juu yake tukachora ramani, jua na samaki. Hesabu za mwaka ule nimezisahau. Samaki yule namkumbuka hata mapezi yake.

Mali ya kubeba

Sasa turudi nyumbani. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 5, 2017 vilitufikia, na Machi 24, 2021 Palma ikashambuliwa. Safari hii mimi ndiye niliyemshika mtoto mkono, tukapita Nangade mpaka Mueda. Tuliorudi tumekuta kuta zimeanguka, makuti yameungua, na mahali pengine miembe tu ndiyo iliyobaki kuonyesha mpaka wa kiwanja.

Tumejenga tena, lakini angalia tunavyojenga. Mwenye turubai amekaa kwenye turubai. Aliyepata pesa ya biashara ananunua bati Mtwara na kulipigilia kwa misumari michache ili likihitajika ling'oke haraka. Nimewasikia wafanyabiashara wakisema wazi: pesa niweke kwenye bodaboda, kwenye simu, kwenye mzigo, vitu vya kuondoka navyo. Ukuta utaondoka nao vipi? Na rangi je? Jirani yangu mmoja aliponiona nikikanda udongo mweupe wa kusiriba ukuta aliniambia, "Mwalimu, nyumba ya kukimbia haipambwi."

Siwezi kumlaumu. Amekimbia mara mbili, nami mara mbili. Hali ya usalama si ya kuichukulia kirahisi, na mtu hapaswi kumshawishi mwenzake azike akiba yake ukutani kwa sababu ya maneno matamu ya gazetini. Pesa ya chakula na ada ndiyo ya kwanza.

Hata hivyo, hebu tuhesabu kama wafanyabiashara. Ngeu na udongo mweupe huchimbwa bure. Chokaa ni rahisi kuliko bati moja. Ndoo ya rangi ya kiwandani inayovuka mto kutoka Mtwara inatosha kupaka uso wa nyumba ya vyumba viwili na bakaa ikabaki kwa milango. Gharama ya urembo si sababu yetu. Sababu yetu ni hofu: tunaona kupaka ukuta ni kutangaza kwamba tumekaa, na kutangaza kwamba tumekaa ni kumchokoza shetani.

Lakini wakoloni walilijua jambo hilohilo kwa upande wa pili. Waliwakataza watu wa matete wasijenge kwa matofali kwa sababu ukuta wa kudumu husema mtu huyu yupo. Wenyewe wakaujenga kwa siri, ndani ya matete, na ndio walioshinda: mitaa ile ipo mpaka leo, imejaa nyumba za matofali. Hakuna aliyekuja kuipiga picha na hakuna msanifu aliyeandikwa jina, ila kila ukuta ulikuwa jibu. Sisi leo hakuna anayetukataza. Tunajikataza wenyewe.

Naona hasara yake darasani. Watoto wengi ninaowafundisha wamezaliwa safarini. Nikiwaambia wachore nyumba, wengi huchora pembetatu juu ya vijiti viwili, yaani turubai. Mmoja alichora lori. Niliporudi kutoka Maputo niliwaonyesha picha za Simba kwenye simu yangu, wakapokezana mpaka kioo kikajaa vumbi la chaki. Niliwaambia wachore nyumba ambayo wangependa icheke. Nikapata nyumba yenye mkia, nyumba yenye macho ya pweza, na nyumba moja iliyovaa kanga. Mtoto wa kanga ile aliandika hata jina kwenye pindo, na jina lenyewe lilikuwa la bibi yake aliyebaki Quitunda.

Wazazi kadhaa wameafiki tuupake ukuta wa shule wa upande wa barabara, na wafanyabiashara wawili wa mpakani wameahidi chokaa na makopo ya rangi yaliyobaki dukani. Anayevuka na mzigo na ana kopo lililofunguliwa, hata la robo, asilitupe. Buluu tunayo ya kutosha. Nyekundu tutachimba wenyewe, ngeu ipo. Tunachokosa ni njano na brashi pana, na fundi wa kututengenezea ngazi, kwa maana nyumba ya mkia imechorwa juu sana na watoto wamekataa kuishusha.